Paa refu halimezi moshi
Juzi Ngamiani, mtaa wa hapa Tanga, kwenye baraza ya kahawa, mzee mmoja mwenye jengo la ghorofa nne lililo wazi katikati, kuanzia sakafu ya chini hadi paa la vioo, aliniambia hana wasiwasi na moto. “Fundi, hewa iko tele. Moshi utapanda, upotee.” Kati ya dhana zote ninazozisikia kazini, hii ndiyo inayonitisha.

Moshi wa moto haupandi mwembamba kama wa udi chetezoni. Huvuta hewa ya pembeni na kujichanganya nayo, ukinenepa kila mita. Kwa moto uleule, kimo kikiongezeka mara mbili, moshi unaofika juu huwa takriban mara tatu. Yaani urefu anaojivunia mzee ndio kiwanda chenyewe cha moshi. Paa lisipokuwa na feni au matundu ya kuutoa, hutanda juu kisha huanza kushuka, na wa kwanza kukutana nao ni wapangaji waliolala mbali kabisa na moto. Mwaka 1980, katika hoteli ya MGM Grand, Las Vegas, moto ulianzia chini, kwenye mgahawa. Walikufa watu 85, wengi wao ghorofa za juu, kwa moshi. Pale ulipenya kwenye ngazi na mashimo ya lifti; kwa mzee njia ni pana zaidi.

“Nimeweka kitambuzi cha moshi darini.” Sawa, lakini jua la Tanga saa nane mchana juu ya vioo! Hewa ya pale huweza kuwa na joto kuliko moshi uliokwisha poa njiani, basi moshi hukwama katikati, ukajitandaza usawa wa korido ya ghorofa ya tatu, na kitambuzi kimya. Hufaa vitambuzi vinavyopiga mwali wa mwanga kutoka ukuta hadi ukuta, katika vimo kadhaa. Vinyunyizio vya maji vya darini navyo ni vilevile: vichupa vyake vya kioo vinavyozuia maji, vingi hupasuka kwa nyuzi 68, joto linaloweza kuchelewa kufika huko.

Kufungua kila dirisha je? Hapo tulibishana hadi kahawa ikapoa. Paa likitoa moshi, hewa safi ya kujaza nafasi yake iingie chini, taratibu, isizidi takriban mita moja kwa sekunde inapokutana na moshi. Upepo wa kusi ukipiga dirishani huuvuruga na kuusukumia vyumbani.

Mzee akauliza bei ya feni. Nikamwambia aanze na milango inayotazama uwazi: ijifunge yenyewe, na yule mpangaji wa ghorofa ya tatu aache kuuzuia wake usijifunge kwa tofali.