Mbwa jike mwenye usaha kwenye mfuko wa uzazi: apasuliwe au apewe kifo cha huruma?

Mbwa jike wa miaka tisa, mchanganyiko wa German Shepherd, aliletwa kliniki kwetu akiwa amelazwa nyuma ya bajaji juu ya gunia. Wiki sita zilikuwa zimepita tangu atoke kwenye joto, yaani kipindi cha kutaka dume. Mwenyewe alieleza kwamba kwa siku nne mbwa hakuwa amegusa chakula, ila sufuria ya maji iliyowekwa mlangoni jioni ilikutwa tupu kila asubuhi, na kibarazani palikuwa na madoa ya ute mzito wa rangi ya kahawia wenye harufu kali. Kabla sijamaliza kumpima joto aliniambia kwa sauti ya chini: "Daktari, huyu amekwisha zeeka, naomba umchome sindano tu apumzike."

Ombi hilo ninalisikia mara nyingi, na mara nyingi linatoka kwa mtu anayempenda mbwa wake. Makala haya yanaeleza ni wakati gani ombi hilo ni sahihi na ni wakati gani linamnyima mnyama maisha ambayo angeweza kuyapata, kwa kutumia ugonjwa mmoja ambao madaktari huuita payometra, yaani kujaa usaha kwa mfuko wa uzazi.

Mbwa jike anapotoka kwenye joto, mwili wake hubaki na homoni ya projesteroni kwa wingi kwa takriban miezi miwili, awe amebeba mimba au hakubeba. Homoni hiyo hunenepesha utando wa ndani wa mfuko wa uzazi, hufunga mlango wake na kupunguza nguvu ya kinga ya mahali hapo, kwa hiyo bakteria waliopanda kutoka ukeni, hasa wale wa jamii ya E. koli, hukuta chumba chenye joto na lishe kisicho na mlinzi. Kila msimu wa joto unaopita bila mimba huongeza uwezekano huo, na ndiyo maana ugonjwa huu huwapata zaidi majike wa makamo na wazee ambao hawakufungwa kizazi. Nchini Uswidi, ambako majike wengi huachwa na kizazi chao, takwimu za bima ya wanyama zimeonyesha kwamba karibu mmoja kati ya wanne huugua kabla ya kufikisha miaka kumi. Sindano za kuzuia joto zenye homoni ya aina hiyo, ambazo baadhi ya watu huwachoma mbwa wao ili madume wasijae getini, nazo huongeza hatari hiyo.

Kiu ile ya ajabu husababishwa na sumu za bakteria, ambazo huzuia figo kubakiza maji mwilini, hivyo mbwa hukojoa sana na kunywa sana. Jambo linalowapotosha wengi ni usaha wenyewe. Mlango wa kizazi ukiwa wazi, usaha hutoka na kila mtu huuona. Ukiwa umefungwa, hakuna kinachotoka, tumbo linajaa polepole, na mwenye mbwa anaweza kudhani ni shibe au mimba. Huyu asiyetoa kitu ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi, kwa sababu sumu zote zinaingia kwenye damu, na mfuko wenyewe unaweza kupasuka tumboni.

Swali la kwanza ambalo mwenye mnyama anapaswa kumuuliza daktari, kabla ya kuuliza bei na kabla ya kutaja umri, ni hili: je, upasuaji huu unaondoa ugonjwa wenyewe au unapunguza sehemu yake tu? Kwa payometra jibu liko wazi. Daktari anaondoa mfuko wa uzazi pamoja na ovari, chanzo kinatoka chote, na ugonjwa hauna mahali pa kurudi. Zipo dawa za kufungua mlango wa kizazi na kusukuma usaha nje, ambazo hutumika hasa kwa jike kijana anayetarajiwa kuzaa, lakini ugonjwa hurudi mara nyingi baada yake, na kwa mbwa aliye taabani hazifai. Antibayotiki peke yake haitibu. Inapoza homa kwa siku chache, mwenyewe anapata matumaini, na muda wa kupasua mbwa akiwa na nguvu unapotea.

Kuhusu umri, niseme wazi kwamba uzee si ugonjwa. Hatari ya nusu kaputi inategemea zaidi hali ya moyo, figo na upungufu wa maji kuliko idadi ya miaka. Kwa sababu hiyo hatumkimbizi mgonjwa moja kwa moja kwenye meza ya upasuaji: tunamwekea dripu, tunaanza antibayotiki, tunamtuliza maumivu, tunapima damu kuona figo zinafanyaje kazi, na baada ya saa chache, fizi zikianza kurudisha rangi yake, ndipo tunapasua, kwa kawaida siku hiyohiyo. Yule mbwa wa kwenye bajaji tulifuata naye njia hiyo. Mfuko wa uzazi tulioutoa ulikuwa mnene kama mkono wa mtu mzima, umejikunja kama soseji, na ulipowekwa kwenye mizani ulizidi kilo mbili. Siku ya tatu alikula wali kwa mchuzi kutoka mkononi mwa binti wa nyumba hiyo.

Swali la pili ni nini kingine kilichomo mwilini. Majike wasiofungwa kizazi hupata pia uvimbe wa matiti, na si ajabu kumkuta mmoja akiwa na magonjwa yote mawili. Nilimhudumia jike wa miaka kumi na mbili mwenye payometra ambaye chini ya tumbo alikuwa na donge lililochanika na kuoza. Picha ya eksirei ilionyesha vivuli vya mviringo vilivyotapakaa kwenye mapafu yote mawili, na kipimo cha figo kilizidi kupanda hata baada ya siku mbili za dripu. Tungeweza kutoa usaha. Saratani iliyokwisha kuenea mapafuni ingebaki palepale, na wiki chache alizokuwa nazo angezitumia kuuguza kidonda cha upasuaji huku akitafuta pumzi. Nilimwambia mwenyewe kwamba angekuwa mbwa wangu ningemchoma sindano siku hiyo, na ndivyo tulivyofanya.

Fedha nazo ni sehemu halali ya uamuzi, wala hakuna haja ya kuona haya kuzitaja. Mwombe daktari akutajie gharama za upasuaji, za kulazwa na za dawa za nyumbani kwa pamoja, na umweleze kwa uwazi ulicho nacho. Kama upasuaji hauwezekani kabisa, kifo cha huruma ni uamuzi wa utu. Kumrudisha nyumbani mbwa mwenye payometra iliyofungwa ili "tuone itakavyokuwa" ni kumwacha afe kwa sumu ya damu kwa siku kadhaa akiwa na fahamu zake, na hilo ndilo ninalowasihi watu wasilifanye. Nchini Tanzania, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inalinda wanyama dhidi ya mateso yasiyo ya lazima, na kutupwa porini au kulishwa sumu ni mateso. Striknini, ambayo imetumika miaka mingi kuua mbwa wazururaji, humkakamaza mnyama kwa degedege akiwa na akili timamu hadi pumzi inakatika.

Kifo cha huruma ni tofauti kabisa. Kwanza mbwa huchomwa dawa ya kumtuliza, na familia inaweza kukaa naye akisinzia. Kisha daktari huingiza kwenye mshipa kiasi kikubwa cha dawa ya usingizi ya pentobabitali: fahamu hupotea kwanza, halafu pumzi, halafu moyo. Macho hubaki wazi, na baadaye misuli inaweza kutikisika au kifua kikavuta hewa mara moja au mbili. Waelezeni watoto mapema kwamba wakati huo mbwa hana tena hisia yoyote.

Dawa hiyo hubaki ndani ya mzoga. Mwewe, tai au mbwa mwingine akiula anaweza kufa pia, kwa hiyo usitupwe jalalani wala kichakani; uzikwe siku hiyohiyo kwenye shimo la kina cha mita moja au zaidi, mbali na kisima, na juu ya udongo yawekwe mawe mazito yasiyofukulika kirahisi.