Ukitoka juani ngozi inachachamaa? Majibu ya maswali mnayouliza sana

Mimi mweusi kabisa, inakuwaje ngozi yangu ikatae jua?
Weusi unasaidia ndio, ila haukukingi na ugonjwa. Lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe, inawapata sana wanawake weusi na jua ni mojawapo ya vitu vinavyoiamsha, unashinda bichi Jumamosi, siku chache baadae mashavu na pua vimewaka wekundu na viungo vinauma. Wengine tatizo ni dawa, kama doxycycline ya kuua bakteria au haidroklorothiazaidi ya presha. Na kuna pelagra, mtu anakula ugali tu siku zote au anakunywa pombe bila kula, vitamini B3 inamuishia, ngozi ya shingo inakuwa nyeusi na kubanduka kama kavaa mkufu. Tunalisingizia jua tu wakati chanzo kipo ndani.

Nitajuaje kama ni jua na sio aleji ya sabuni?
Nenda kwenye kioo uangalie mipaka. Kama uso, kifua pale shati linapoachia na mikono kwa nje vimeharibika, halafu chini ya kidevu, nyuma ya masikio na palipofunikwa na saa pako safi, hapo jua ndo mtuhumiwa wa kwanza. Sabuni ya kuogea haichagui hivyo.

Nipo Nairobi, kuna baridi na mawingu, bado nijifunike?
Jifunike! Joto na mionzi ni vitu viwili tofauti, na hapa ndo wengi wanaumia. Nairobi iko juu, mita 1,700 hivi, na kila ukipanda mita 1,000 mionzi inaongezeka kama asilimia 10, bado ikweta iko jirani, na mawingu mepesi yanapitisha mionzi mingi tu. Huko pwani nako mchanga na maji vinairudisha usoni hata ukikaa chini ya mwamvuli. Kwenye gari kioo cha pembeni kinazuia UVB (mionzi inayounguza ngozi) ila UVA nyingi (ile inayozama ndani zaidi) inapita, kwahiyo dereva mwenye lupasi avae mikono mirefu.

Nipake nini?
Losheni ya jua ya SPF (kipimo cha kukinga mionzi) 30 kwenda juu inayozuia na UVA, paka ya kutosha, rudia kila masaa mawili. Najua bei yake, ndo maana nasema nguo kwanza: kofia pana, kitambaa kizito (kiinue juu, mwanga ukipita na mionzi inapita), na kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni kaa kivulini. Wenye ualbino Tanzania waulizie Kilisun, losheni ya jua iliyoanzia hospitali ya KCMC Moshi. Mkorogo wa kufuta madoa usiuguse, unazidi kuichosha ngozi.

Niache zile dawa zinazofanya ngozi ikatae jua?
Usiache kienyeji, rudi kwa aliyekuandikia akubadilishie. Na ukiona vipele vimeambatana na vidonda mdomoni, miguu kuvimba au mkojo wenye povu, usingoje kliniki ya mwezi ujao, nenda leo upimwe figo.