Popo wa Msituni au wa Nyikani, Akikuuma Nenda Leo

Maswali haya kuhusu popo na kichaa cha mbwa ndiyo tunayoulizwa kila mara kwenye chumba cha vidonda, na mengi huulizwa kwa kuchelewa. Kauli inayotuchosha kuliko zote ni hii: "Alikuwa kapopo kadogo tu."

Popo wa msitu wenye mvua wanatofautianaje na wa nyika kavu?

Msitu wenye unyevu una matunda na maua kwa sehemu kubwa ya mwaka, majani mapana ya kujificha na miti mikubwa yenye mashimo. Kwa hiyo aina za popo huwa nyingi zaidi: wala matunda, wanywaji wa nekta, na wala wadudu wenye mabawa mafupi, mapana, wanaoweza kujipenyeza katikati ya matawi. Nyikani miti ni mifupi na imetawanyika, matunda ni ya msimu. Huko wala wadudu ndio wanaotawala, hasa wale wenye mabawa marefu, membamba, wanaoruka kasi juu ya vichaka. Wala matunda nao hufika, lakini hufuata miti iliyozaa kisha huondoka.

Mchana popo wa nyikani hujibana kwenye nyufa za miamba, mapango, magome ya miti na, hapa ndipo linapotuhusu, kwenye mapaa ya nyumba. Maji yakiwa haba, hukusanyika jioni kwenye kisima, bwawa au tangi lilelile wanalotumia watu. Ndiyo maana wengi wanaokuja kwetu hawakuumwa porini. Waliumwa chumbani, darini, au wakimwopoa popo kwenye pipa la maji.

Si ni wale wakubwa wa msituni wenye ugonjwa? Hawa wadogo wa kwetu wanakula mbu tu.

Hapana. Hapana tena. Mwaka 1970 nchini Afrika Kusini mtu aliumwa mdomoni na popo, akafa kwa ugonjwa usiotofautika na kichaa cha mbwa. Kirusi kilichomuua kikaitwa Duvenhage, na ni cha popo wala wadudu. Mwaka 2007 mgeni kutoka Uholanzi aliparuzwa puani na popo mdogo akiwa kambini nchini Kenya, karibu na mbuga ya Tsavo, na ile ni nyika hasa. Aliosha jeraha, ila hakupata chanjo. Alirudi kwao, akaugua, akafariki mwaka huohuo.

Wakubwa nao wamo: ndugu mwingine wa kirusi cha kichaa alipatikana kwa popo wala matunda huko Lagos, Nigeria, mwaka 1956. Popo wengi hawana kirusi hiki, hilo ni kweli. Lakini kwa kumtazama huwezi kujua, wala sisi hatuwezi.

Kichaa cha mbwa ni nini, na popo anaingiaje?

Ni ugonjwa wa virusi vinavyopita kwenye mishipa ya fahamu hadi ubongoni. Hupitia mate ya mnyama kwenye ngozi iliyochanika, machoni, puani au mdomoni. Popo wanabeba virusi vya ukoo huohuo. Dalili huchukua wiki hadi miezi kuanza, mara nyingi miezi 2 au 3: kuwashwa au ganzi pale palipoumwa, homa, kisha kushindwa kumeza, kuogopa maji, kuchanganyikiwa au kupooza. Zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Hakuna dawa tuliyoificha kabatini.

Sikuona damu. Bado niende?

Ndiyo. Meno ya popo wengi ni membamba kama ncha ya sindano. Tumeonyeshwa vidole ambavyo alama yake ni vitundu viwili vyekundu, na kufikia kesho yake unavitafuta kwa taa huvioni. Kidonda hakionekani, kirusi kimo. Umeumwa, umeparuzwa, au mate yake yamegusa jicho au mchubuko: nenda. Nenda kituo cha afya leo, usisubiri pavimbe.

Mkiamka mkakuta popo chumbani alipolala mtoto mchanga, mgonjwa, au mtu aliyelewa, mleteni hata kama hamwoni alama. Hao hawawezi kukwambia kama waliguswa.

Kabla ya kufika kituoni nifanye nini?

Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15. Tazama saa, kwa sababu dakika 15 ni ndefu kuliko watu wanavyodhani. Wengi huacha baada ya moja. Kisha paka spiriti au iodini kama ipo. Usipake majivu, mafuta, dawa ya meno wala majani yaliyopondwa. Tunayakwangua na kuanza upya, na wewe ndiye unayeumia mara mbili. Usikubali kushonwa haraka.

Na tafadhali: kuosha ni hatua ya kwanza, si matibabu yote. Yule mgeni wa Uholanzi aliosha.

Kituoni nitapewa nini?

Chanjo, na kwa jeraha la popo pia kingamwili, yaani kinga iliyo tayari kupambana na kirusi, zinazochomwa ndani na kuzunguka kidonda. Chanjo huanza siku hiyohiyo, hurudiwa siku ya 3 na ya 7, na ratiba nyingine zina dozi ya nne. Maliza zote. Kujisikia mzima siku ya 3 si sababu ya kutorudi. Kila mtu hujisikia mzima siku ya 3.

Kwa mbwa tunaambiwa tumwangalie siku 10. Tumfungie popo tumwangalie?

Msifanye hivyo. Kipimo cha siku 10 ni cha mbwa na paka, popo hayumo. Usimkimbize wala usimshike kwa mkono mtupu ili uje naye. Tuna wagonjwa walioumwa mara ya pili kwa njia hiyo.

Mapangoni je?

Huko kuna hatari nyingine. Popo fulani wala matunda wanaolala mapangoni hubeba kirusi cha Marburg, kinacholeta homa kali inayoweza kuua, na mwaka 2008 mtalii alifariki baada ya kuingia pango la Python nchini Uganda. Vumbi la kinyesi cha popo pia huweza kuwa na kuvu inayoshambulia mapafu. Ukipata homa ndani ya siku 21 baada ya kuingia pangoni, mwambie mhudumu ulikuwa wapi kabla hajauliza.

Basi si tuwaue wote?

Hapana. Kwenye mgodi wa Kitaka, Uganda, popo waliangamizwa. Waliorudi baadaye walikutwa na Marburg kwa kiwango kikubwa kuliko wa mwanzo. Ziba matundu ya paa jioni wakishatoka, nje ya msimu wa kunyonyesha, na funika maji.

Niliumwa mwezi uliopita, sikwenda. Nimeshachelewa?

Kama huna dalili, hujachelewa. Chanjo hutolewa hata miezi ikiwa imepita, na ujauzito au kunyonyesha si kizuizi. Hatutakugombeza. Pengine kidogo, huku tukikuandalia sindano. Lakini njoo leo, si Jumatatu.