Je, wajua kwa nini IMEI ya simu yako inaishia na tarakimu ile na si nyingine?

Bonyeza *#06# kwenye simu yako. Itatokea namba ya tarakimu 15, na kama simu ni ya laini mbili zitatokea namba mbili. Hiyo ndiyo IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu. Watanzania wengi waliifahamu mwaka 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilipotangaza kwamba simu feki zingezimwa usiku wa Juni 16. Watu wakawa wanaituma kwenda 15090 wajue kama simu zao zitaamka salama. Wakenya walishapitia hayo mwaka 2012.

Tarakimu nane za mwanzo hutaja aina ya simu. Sita zinazofuata ni za simu yako peke yake, kuitofautisha na nyingine za aina hiyohiyo. Ya mwisho, ile ya 15, haisemi lolote kuhusu simu. Imezaliwa kutokana na zile 14 zilizoitangulia, kwa hesabu ambayo mtoto wa darasa la nne anaiweza. Hesabu hiyo ni algoriti, na kwangu ni mlango mzuri zaidi wa kuingilia katika mada ya algoriti kuliko kuanza na akili mnemba, kwa sababu hapa kila kitu kinaonekana.

Algoriti ni mfululizo wa hatua zilizo wazi, zenye mpangilio na zenye mwisho, kiasi kwamba yeyote atakayezifuata bila kuongeza lake atafika kwenye jibu lilelile. Kompyuta si sharti. Kadhi anayegawa mirathi anafuata algoriti: kwanza zinatoka gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi wapate mafungu yao. Mpangilio ndio wenye uzito. Marehemu ameacha shilingi milioni 12, mazishi yamegharimu laki nne, anadaiwa milioni mbili, hakuacha wasia. Zimebaki 9,600,000, na mjane aliyebaki na watoto wa marehemu anapata thumni (sehemu moja ya nane), yaani 1,200,000. Ukianza na mjane kabla ya deni utampa 1,500,000, na watoto wataondoka wanalalamika. Hatua ni zilezile, ila zimepangwa vingine. Na si ajabu kwamba al-Khwarizmi, mwanahisabati wa Baghdad wa karne ya 9 ambaye jina lake ndilo lililozaa neno algoriti, alitenga sehemu kubwa ya kitabu chake cha aljebra kwa maswali ya mirathi na wasia.

Turudi kwenye simu. Tuchukue namba ya kubuni: 12345678901234. Tunatafuta tarakimu ya 15.

Anzia kushoto. Kila tarakimu ya nafasi shufwa (ya pili, ya nne, ya sita na kuendelea) izidishe mara mbili. Jibu likiwa na tarakimu mbili, zijumlishe ziwe moja: 12 inakuwa 3, 16 inakuwa 7. Kwa hiyo 2, 4, 6, 8, 0, 2, 4 zinageuka 4, 8, 3, 7, 0, 4, 8. Jumla yake 34. Zile za nafasi witiri ziache kama zilivyo: 1, 3, 5, 7, 9, 1, 3, jumla 29. Ukiunganisha unapata 63. Sasa jiulize inakosekana ngapi kufika kwenye kumi inayofuata. Saba. Namba kamili ni 123456789012347.

Kuikagua ni kurudia hatua zilezile na kujumlisha na ile ya mwisho: jumla isipoishia na sifuri, kuna mtu amekosea. Jaribu kwa IMEI yako kabla hujaendelea kusoma; kalamu na kipande cha karatasi vinatosha.

Lakini kwa nini kuzidisha mara mbili? Kwa nini wasijumlishe tu? Kwa sababu binadamu akinakili namba ndefu hukosea hasa kwa njia mbili: anaandika tarakimu moja vibaya, au anazipindua mbili zilizopakana. Kujumlisha tu kungenasa kosa la kwanza. La pili lingepita, maana 5 na 6 jumla yake ni ileile hata ukizipindua. Ukizidisha za nafasi shufwa, nafasi inakuwa na maana: katika mfano wetu, 56 inachangia 5 na 3, yaani 8, ilhali 65 inachangia 6 na 1, yaani 7. Jumla kuu inakuwa 69, kosa limenaswa.

Kuna ujanja mwingine humo ndani ambao naupenda. Fuata tarakimu zote zikizidishwa na kukunjwa: 0 inabaki 0, 1 inakuwa 2, 2 inakuwa 4, 3 inakuwa 6, 4 inakuwa 8, 5 inakuwa 1, 6 inakuwa 3, 7 inakuwa 5, 8 inakuwa 7, 9 inabaki 9. Hakuna mbili zinazotua mahali pamoja. Ndiyo maana ukikosea tarakimu moja, yoyote ile, lazima jumla ivurugike. Ila angalia 0 na 9: zote mbili hazibadiliki. Basi ukiandika 09 mahali pa 90, algoriti haioni kitu. Namba yetu ya mfano ina 90 katikati. Ipindue uhesabu upya, utapata 70 vilevile.

Aliyebuni utaratibu huu ni Hans Peter Luhn, Mjerumani aliyefanya kazi IBM huko Marekani. Aliombea hataza mwaka 1954 akaipata 1960, na alichokisajili hakikuwa programu bali kifaa cha kushika mkononi, cha kuzungusha. Leo uko pia kwenye namba ndefu ya kadi yako ya benki. Ndiyo maana ukinunua kitu mtandaoni ukakosea tarakimu moja, ukurasa unaweza kukataa papo hapo, kabla benki yako haijaulizwa lolote.

Sasa chukua sifuri 15. Jumla yake ni sifuri, inaishia na sifuri, imepita! Simu yenye IMEI ya sifuri tupu inafaulu mtihani wa Luhn bila jasho. Hata ile inayobeba IMEI iliyonakiliwa kutoka simu halali inafaulu. Luhn alitaka kumnasa karani aliyechoka, hakuwa akimwinda mwongo. Kwa hiyo mamlaka ya mawasiliano haiwezi kuitegemea hesabu hii; inabidi iwe na rajisi ya namba zinazotambulika, na IMEI ya kila simu ilinganishwe nayo. Mtu akikuambia “mfumo umekubali”, muulize mfumo ulikuwa unakagua nini.

Swali hilo linafaa zaidi kwa algoriti zinazotuchagulia vya kutazama. Kabla ya mwaka 2012 YouTube ilipendekeza video hasa kwa kuangalia zinavyobofywa. Watengenezaji wakajua: weka picha ya kushtua, watu watabofya, hata kama ndani hamna kitu. Mwaka huo kampuni ikabadilisha kipimo, ikaanza kujali muda ambao mtu anakaa akitazama. Picha za uongo zikapungua faida, video ndefu zikapata neema. Kompyuta ilikuwa hodari kabla na baada. Kilichobadilika ni agizo lililopewa. Na agizo linatoka kwa watu wenye biashara ya matangazo, si mbinguni.

Kuna tofauti moja kubwa kati ya hii na ya Luhn. Kwa Luhn, kila hatua iliandikwa na mtu. Kwenye mapendekezo ya video, watu wanaandika namna ya kujifunza, kisha mashine inapitia mienendo ya mamilioni ya watazamaji na kujipangia yenyewe kipi kiwe na uzito gani: ulichotazama jana, ulipoacha katikati, waliotazama kama wewe waliendelea na nini. Uzito huo ni namba nyingi mno. Hata mhandisi aliyeuunda mfumo anaweza kushindwa kukueleza kwa nini jana usiku uliletewa taarabu na si mahubiri. Anachoweza kukueleza ni kipimo walichokichagua.

Unaweza kuuona mlo wa mfumo huo, yaani kumbukumbu ya ulichotazama, hata hivyo. Kwenye YouTube nenda kwenye mipangilio, futa kumbukumbu ya video ulizotazama, kisha uizime. Tangu Agosti 2023, anayefanya hivyo huukuta ukurasa wa mwanzo hauna mapendekezo, una sehemu ya kutafutia tu.