Je, wajua kwa nini dibaga huonyesha rejista moja kwa sura nyingi?

Simamisha programu katikati kwa kutumia GDB, ambayo ni dibaga, yaani programu ya kusaka hitilafu ndani ya programu nyingine, kwenye kompyuta yenye prosesa ya x86 (kama za Intel na AMD). Kisha andika `p $xmm0`, yaani nionyeshe xmm0, mojawapo ya rejista: vihifadhi vidogo vya data ndani ya prosesa. Ungetarajia namba moja. Badala yake unaletewa orodha: v4_float, v2_double, v16_int8, v8_int16, v4_int32, v2_int64, uint128. Namba baada ya v ni idadi ya vipande; float na double ni desimali, int ni namba kamili. Matoleo mapya huongeza nyingine. Dibaga imejibu swali moja mara saba.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba jibu moja tu kati ya hayo ndilo la kweli, na mengine ni takataka. Siku moja nikakuta 1.40129846e-45 kwenye v4_float, nikakesha nikitafuta ni sehemu gani ya programu imeharibu rejista. Haikuwa imeharibika. Ndani yake mlikuwa na namba kamili 1, na biti za 1 (zile 0 na 1 zinazoiunda ndani ya kompyuta) zikisomwa kama namba ya desimali ndivyo zinavyotoka. Nilidhani rejista inajua imebeba nini. Haijui. Ni biti 128 zilizopangwa mstari, bila alama yoyote unayoweza kuisoma ikakwambia hizi ni desimali, zile ni namba kamili. Maana huja na amri: ADDPS huzijumlisha kama desimali nne, PADDD huzijumlisha kama namba kamili nne, na zote mbili hupokea xmm0 ile ile bila kulalamika.

Chukua neno "kaa". Kaa hapa. Kaa la moto. Kaa anatembea kiubavu. Herufi ni zile zile tatu, na sentensi ndiyo inayoamua kama ni kitendo, kipande cha moto au mnyama. Sasa mtu akikuta "kaa" limeandikwa peke yake, bila sentensi, atafanyaje? Akiwa mwaminifu atakupa maana zote, nawe uliyesoma habari yote utachagua. Dibaga iko hapo hapo: inaiona rejista, haijui amri ijayo itaisomaje.

Tazama kwa karibu. Weka 1, 2, 3 na 4 kama desimali za biti 32. v4_float itaonyesha hizo hizo. v4_int32 itaanza na 1065353216, kwa sababu biti za desimali 1.0, zikiandikwa kwa heksadesimali (namba za msingi wa 16), ni 0x3f800000. v2_double itaunganisha vipande viwiliviwili na kukupa takriban 2.00000047 na 512.00012. Hakuna biti hata moja iliyosogea. Ukijua unachotaka, andika `p $xmm0.v4_float`, basi.

Dibaga huzijua sura hizi kupitia maelezo ya prosesa, ambayo yanaweza kuandikwa kwa XML, muundo wa kupanga data kwa maandishi: vekta hii (safu ya vipande vya aina moja) ina vipande vinne vya aina fulani, na sura zote zinakaa mahali pamoja. Rejista ymm ya biti 256 inapendeza zaidi, kwa kuwa GDB huiunda yenyewe kwa kuunga xmm na nusu ya juu inayosomwa kando.

Kwenye prosesa za ARM za biti 64, ambazo ni familia nyingine, majina ni mengine. `$v0` hugawanywa kwanza kwa upana wa vipande, d (biti 64), s (32), h (16), b (8) na q (128), kisha ndani yake f kwa desimali, u kwa namba kamili zisizoweza kuwa hasi na s kwa zinazoweza kuwa hasi. LLDB, dibaga nyingine, kwa kawaida hukupa xmm0 kama baiti (vipande vya biti 8) bila tafsiri; kuzisoma ni kazi yako.

Halafu ipo SVE, nyongeza ya ARM ya amri za vekta, ambako hata upana haukuandikwa kwenye jina. Rejista z0 inaweza kuwa na biti 128 hadi 2048, kutegemea chipu. GDB husoma rejista nyingine, vg, inayohesabu vipande vya biti 64: vg ikiwa 4, z0 ina biti 256. Kwenye Linux programu inaweza kubadilisha upana huo ikiwa inaendelea kukimbia, kwa hiyo kila programu inaposimama GDB hulazimika kuiuliza vg tena, uzi (thread) mmoja mmoja, kabla ya kukuonyesha z0.