Je, wajua kwa nini sesilia, asiye na miguu, huhesabiwa ukoo mmoja na chura?

Katika Milima ya Taita nchini Kenya, jembe la mkulima msimu wa mvua huweza kuibua kiumbe kirefu, chenye pingili mwili mzima, kinachong'aa kwa ute. Hana miguu, wala macho yake huyaoni. Wengi humdhani nyungunyungu au nyoka mchanga. Kumbe ana uti wa mgongo, taya na meno, na jamaa zake wa karibu ni vyura. Huyu ni sesilia. Spishi hii ya Taita wanasayansi huiita Boulengerula taitana.

Amfibia, yaani vyura na jamaa zao, walio hai leo wako katika oda (makundi makubwa) tatu. Kati ya spishi zaidi ya 8,000 zinazojulikana, karibu tisa katika kila kumi ni vyura. Oda ya pili ni salamanda, wenye umbo la mjusi, ambao Afrika kusini mwa Sahara hawapo kabisa. Sesilia ndio oda ya tatu: spishi mia mbili na kitu, wote wa nchi za joto.

Haikuwa rahisi kuwapatia sesilia nafasi yao. Mwaka 1758 Carl Linnaeus, Mswidi aliyepanga viumbe katika makundi, aliwaweka pamoja na nyoka, na kwa kuangalia umbo tu, nani angemlaumu? Kisha mwaka 1831 Mjerumani Johannes Müller akaonyesha kwamba sesilia mchanga wa aina fulani ana matundu ya matamvua. Nyoka hapumui kwa matamvua wakati wowote wa maisha yake. Kiluwiluwi hupumua hivyo. Meno nayo yana ushahidi wake: kwa amfibia wa oda zote tatu, sehemu ya juu ya jino na shina lake hutenganishwa na kiungo laini, jambo usilolikuta kwa nyoka wala mjusi. Vinasaba vimekuja baadaye kuthibitisha undugu huo.

Mayai ya amfibia hayana ganda, hivyo hukauka upesi. Vyura wengi hutaga majini. Sesilia wa Taita hutaga ndani ya udongo wenye unyevu, na mama huyalinda mayai mpaka yaanguliwe, bila kupitia hatua ya kiluwiluwi. Kinachofuata kwangu ni cha ajabu kuliko yote: ngozi ya mama hunenepa kwa mafuta, na watoto huibambua kwa meno maalumu na kuila. Utafiti uliolieleza jambo hili ulichapishwa mwaka 2006.

Miguu je, ilikwenda wapi? Mwaka 1993 wanasayansi Farish Jenkins na Denis Walsh walieleza kisukuku (mabaki ya kiumbe wa kale yaliyogeuka jiwe) kutoka Arizona, Marekani, walichokiita Eocaecilia, chenye umri wa zaidi ya miaka milioni 180. Alikuwa na miguu minne, midogo mno, na fuvu lililoshikana imara tayari kwa kuchimba. Anayepenya udongo kwa kichwa hahitaji miguu, na vizazi baada ya vizazi ikasinyaa hadi ikatoweka. Nyoka walipoteza yao kwa njia yao wenyewe, katika tawi jingine kabisa.

Na miguu hiyo ya mwanzo ilitokana na mapezi ya samaki. Jenkins huyohuyo alikuwa pamoja na Neil Shubin na Edward Daeschler walipomfukua Tiktaalik mwaka 2004 katika kisiwa cha Ellesmere, Kanada. Huyo ni samaki wa miaka milioni 375 iliyopita, mwenye magamba na mapezi, lakini pia shingo, na ndani ya mapezi mifupa iliyoanza kufanana na ya kifundo cha mkono. Samaki wa aina hiyo walikuwa na mapafu kabla ya miguu kuwako. Kamongo wa Ziwa Victoria, jamaa yao aliye hai, hadi leo hupanda juu ya maji kuvuta hewa.

Kati ya samaki hao na amfibia wa leo ndipo wataalamu walipobishana. Baadhi walidai sesilia walitoka katika tawi la lepospondili, na vyura na salamanda katika tawi la temnospondili, yote mawili makundi ya kale ya wanyama wa kale wenye uti wa mgongo. Mwaka 2023 kilielezwa kisukuku kingine cha Arizona, Funcusvermis, cha miaka takriban milioni 220. Taya na meno yake ni ya sesilia, lakini yana alama za temnospondili pia. Hoja kwamba oda zote tatu zina asili moja ikapata nguvu kubwa.