Nyota ya Bethlehemu ilikuwa nini hasa? Sayansi inasemaje, kanisa linasemaje

Nyota ya Bethlehemu ndo ile ya Mathayo sura ya 2, iliyowatoa mamajusi huko mashariki mpaka Yerusalemu wakimuulizia mfalme wa Wayahudi aliyezaliwa. Mathayo peke yake ndo anaitaja, Luka ana wachungaji na malaika tu, na hao mamajusi hakuna palipoandikwa kuwa walikuwa watatu, watu wamehesabu zawadi wakaishia hapo.

Watu wa sayansi ya anga kabla hawajatafuta nyota wanatafuta kwanza mwaka. Yesu alipozaliwa mfalme Herode alikuwa bado hai, na wanahistoria wengi wanaweka kifo chake mwaka 4 KK, kwa hiyo Yesu alizaliwa kabla ya hapo (ndio, kabla ya Kristo, manake hii kalenda ilipigwa hesabu karne ya 6 na mtawa Dionysius Exiguus na ikapishana miaka kadhaa). Basi wanakagua anga ya miaka hiyo waone kulikuwa na nini.

Maelezo maarufu yanaanzia kwa Johannes Kepler, mtaalamu wa anga wa Kijerumani. Mwisho wa 1603 aliziona Mshtarii na Zohali, yaani Jupita na Sateni, zimesogeleana, halafu 1604 eneo hilohilo la anga ikatokea nyota mpya inayong'aa sana, akarudisha hesabu nyuma akakuta kwamba mwaka 7 KK sayari hizo mbili zilikutana mara tatu kwenye kundi la nyota la Samaki. Kwa Wababeli Mshtarii ilikuwa sayari ya Marduk, mungu wao mkuu, kwa hiyo mnajimu wa kule angeweza kabisa kusoma habari za mfalme hapo. Tatizo ni kwamba hazikuungana, kati yake ilibaki nafasi ya kama miezi mpevu miwili ikipangwa pamoja. Sayari hizohizo tarehe 21 Desemba 2020, ambazo watu waliziita nyota ya Krismasi, zilikaribiana kuliko mwaka huo wa 7 KK.

Wengine wanasema ni nyota yenye mkia (kometi), na ndivyo mchoraji Giotto alivyoichora Padova, Italia, mwanzoni mwa miaka ya 1300, kometi ya Halley ikiwa imepita 1301. Ila Halley ya zamani hizo ilipita 12 KK, mapema mno. Wachina waliandika kuhusu nyota yenye mkia ya mwaka 5 KK iliyoonekana siku zaidi ya 70, hiyo inakaa vizuri kimwaka, ingawa enzi zile kitu chenye mkia angani kilikuwa habari mbaya kwa wafalme (kwa Herode labda ilikuwa sahihi kabisa hahaha).

Kuna kitu kidogo ambacho wengi tunakiruka. Herode anawaita mamajusi kwa siri na kuwauliza nyota ilionekana lini. Sasa kama ingekuwa taa kubwa inawaka juu ya Yudea nzima, angeuliza ya nini? Hapo mimi nakubaliana na watu wa sayari, inaonekana ilikuwa ishara ya wataalamu, mtu wa kawaida anapita chini yake na hana habari.

Halafu unafika mstari wa 9 na mambo yanavurugika, nyota inawatangulia na kwenda kusimama juu ya pale alipo mtoto. Bethlehemu iko kusini mwa Yerusalemu, kilometa kama 9 hivi, na vitu vya angani tunaviona vikienda mashariki kwa magharibi. Wanasayansi wengine hujibu kwamba kuna siku sayari huonekana kama imesimama, kweli, lakini inasimama kati ya nyota wenzake, haikuonyeshi nyumba ya fulani. Yohane Krisostomo, mhubiri maarufu wa kanisa la kale, aliliona hili tangu karne ya 4, akasema haikuwa nyota ya kawaida bali nguvu isiyoonekana iliyochukua umbo la nyota, mpaka leo Wakristo wengi wanaishia hapo: ni muujiza. Wengine wanasema Mungu alitumia sayari zake mwenyewe, na wasomi wengine wa Biblia wanaona Mathayo alikuwa anafundisha zaidi kuliko kuripoti anga, akiwa na Hesabu 24:17 kichwani, pale Balaamu, naye mgeni kutoka mashariki, anapotabiri nyota itakayotoka katika Yakobo.